Mateka wa Mtani

Hamdallaye, 3 Novemba 1996

Baba mdogo Sériba,

Bintiyo Sitan anakusalimu. Amekonda kidogo lakini bado anaonekana. Mume wangu Adama hajambo. Mtoto ameota meno mawili ya chini, na la kwanza alilofanya nayo ni kumng'ata mama mkwe wangu. Sikumkemea sana. Wakunga wenzangu hapa hospitali wanashukuru kwa mafuta ya shea. Hapa msomee Mama polepole, tafadhali: Mama, kitambaa kimefika, nimekivaa Ijumaa, na rangi haijachuja.

Msalimie mama mdogo Kadia, na yule jogoo wako anayewika saa nane mchana.

Sasa lililonifanya ninunue karatasi. Bila shaka umesikia redioni kwamba Zan Coulibaly amerudishwa nchini. Nilikwenda uwanja wa ndege pamoja na familia nyingine kumwona akishushwa. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Nikaona mzee wa suti ya kijivu anapapasa mifuko akitafuta miwani, na miwani iko usoni. Huyu ndiye Jenerali aliyetufanya tuinamishe vichwa kila gari lake likipita kwa miaka ishirini.

Mahakama maalumu inaanza Desemba. Wakili wetu, Bwana Tembely, anasema kila familia inatakiwa ilete shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake. Mimi siku Baba alipochukuliwa nilikuwa na miaka sita, nakumbuka viatu na vumbi, basi. Mama anasema alikuwa jikoni nyuma ya ghala la pamba. Wewe ulikuwa uwanjani. Njoo uyaseme uliyoyaona.

Usipokuja, jina la Baba, Nouhoum Keita, litaondolewa kwenye mashtaka. Hatutapata hata karatasi ya kusema amekufa, na Mama ataendelea kuwa si mke wala mjane.

Bintiyo,
Sitan

*

Ngolobala, 19 Novemba 1996

Mwanangu Sitan,

Barua yako imefika na stempu iliyobandikwa kichwa chini. Nimekuwa mkuu wa posta ya Ngolobala miaka thelathini na mmoja, na sikujua kwamba ndani ya nyumba yangu nalea mtu wa kubandika stempu kichwa chini. Tumelificha jambo hili majirani wasijue.

Sisi huku tu wazima. Pamba ni nzuri, uwele ni wa wastani, Kadia ananuna kwa sababu niliusifu mchuzi wa bamia wa mama yako mbele ya wageni. Mama yako kasikia habari ya kitambaa, akaniambia nirudie, nikarudia mara tatu. Jogoo anasema mambo ya saa ni yake.

Umemtaja Zan. Unajua huyo bwana tumemlea sisi? Alikuja mwaka 1963, luteni mwembamba, mkanda umemzidi kiuno. Siku ya pili baba yako akatoka ofisini kwake kwenye mizani ya pamba, akaingia kambini na bakuli la maharage, tusi la kale la sisi Keita kwa watani wetu akina Coulibaly, akalitua mbele ya askari wote. "Mtumwa wangu," akamwambia, "nimesikia Coulibaly mmoja kaletwa mjini, nikaona nije nimlishe kabla hajaanza kuiba." Luteni akala yote, akalamba bakuli, akasema, "Yana chumvi kama jasho la Keita. Leta jingine!" Kuanzia hapo akawa mtani wetu wa kweli. Hakuna harusi ya Keita iliyopita asije kudai kichwa cha mbuzi.

Mwaka 1970, asubuhi moja, redio ikapiga bendi ya jeshi mpaka adhuhuri, kisha ikatoka sauti ya mtu tuliyemlisha. Mwaka uliofuata akaja kututembelea akiwa kanali na rais. Baba yako akampelekea bakuli. Akala nusu, akatutukana vizuri sana, tukafurahi. Mwaka 1974 akala kijiko kimoja, na kabla ya kucheka akatazama kwanza nani mwingine anacheka. Mwaka 1977 alikuwa jenerali, askari akaonja maharage kwanza, wakangoja kama atakufa. Hakufa. Hapo mimi ningeacha. Baba yako akasema mtani haachwi kwa sababu amepata kofia.

Mwaka 1979 unaujua.

Kuhusu kuja huko, goti langu la kulia limekataa kabisa safari ya basi. Nimejaribu kulibembeleza.

Baba yako mdogo,
Sériba

*

Hamdallaye, 8 Desemba 1996

Baba mdogo,

Salamu kwa wote. Stempu ya leo nimeibandika mbele ya mashahidi wawili.

Nalipa pole goti lako la kulia. Barua yako ya Agosti ilisema ni la kushoto. Adama anasema labda yamebadilishana.

Kesi imeanza. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, wauza karanga wamehamia kwenye ngazi za mahakama. Zan anakaa kwenye kiti cha mbao na mto mwekundu aliotoka nao nyumbani. Kila asubuhi anasimama anatusalimu, "Hamjambo wanangu?" na kuna watu, baba mdogo, wanaitikia.

Umeniandikia kurasa nne za maharage, ukafika 1979 ukanyamaza. Mimi huo mwaka siujui. Najua tu kwamba Baba alipanda lori. Mama ananiambia alipata nafasi ya kuja mji mkuu kumtafutia watu, kwa gari la daktari wa wamisionari, lakini gari lilikuwa limejaa. Hayo ndiyo yote niliyonayo.

Wakili anataka jina la shahidi kabla ya mwisho wa Januari. Unakuja au huji?

Sitan

*

Ngolobala, 2 Januari 1997

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Upepo wa jangwani umeanza, tunakula vumbi asubuhi, mchana na jioni, na Kadia anasema mwaka huu lina ladha. Mama yako hajambo. Nilimsomea barua yako, isipokuwa mstari mmoja ambao mwandiko wake sikuuelewa.

Uwanjani siku ile tulikuwa watu elfu mbili. Nilichoona mimi, kila mtu alikiona. Mchukueni mwingine mwenye magoti.

Wasalimie Adama na mng'ataji.

Sériba

*

Hamdallaye, 27 Januari 1997

Baba mdogo,

Sisi wazima. Hii usimsomee Mama.

Jana ilikuwa zamu ya jina la Baba. Wakili wa Zan ni kijana mmoja mwenye sauti tamu, amesomea ng'ambo. Akasimama akawaambia majaji kwamba jambo la Ngolobala lilikuwa utani. Coulibaly na Keita ni watani, akasema, na hilo kila mtu hapa analijua tangu tumboni. Marehemu alimtukana rais kwa utani, rais akajibu kwa utani kwamba afungwe. Sajini mmoja mjinga, ambaye amekwisha kufa, akadhani ni amri. Rais hakujua kabisa. Alidhani mtani wake alishuka kwenye lori kona ya pili akarudi kula. Alipopata habari, miaka imepita, alilia.

Nikatazama majaji. Mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Anamhurumia Zan!

Kisha jaji mkuu akaniita nisimame nijitambulishe. Nikasema naitwa Sitan Keita, binti Nouhoum. Kabla sijamaliza, Zan akageuka kwenye kiti chake akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Ahaa," akasema. "Binti wa mtumwa wangu. Miaka yote hii, na umekuja mikono mitupu? Maharage yako wapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Na mimi nikacheka.

Nilicheka, baba mdogo. Kilitoka chenyewe, kama kwikwi. Nimesimama pale na jina la Baba kwenye karatasi mkononi, nacheka na mtu aliyemwondoa duniani. Wakili Tembely alinivuta nguo nikae. Gazeti la leo limeandika kwamba hata binti wa marehemu alitambua ule ni utani.

Sijalala vizuri tangu jana. Najichukia. Adama anasema si kosa langu, lakini Adama si Keita, hawezi kujua. Niandikie upesi.

Sitan

*

Hamdallaye, 24 Februari 1997

Baba mdogo,

Wiki nne. Mkuu wa posta mzima, na barua haiji. Tarehe ya wakili imepita, ameomba waongeze mpaka katikati ya Machi. Kama umenikasirikia kwa kucheka, niambie. Hata matusi nitayapokea.

Sitan

*

Ngolobala, 6 Machi 1997

Sitan, mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tano, nikaichana mara nne. Salamu utanisamehe, leo zitakuja mwishoni kama zitakuja.

Sikukukasirikia. Niliposoma kwamba umecheka, nilikwenda kukaa uani, Kadia akaniuliza nani amefariki.

Nitakupa mwaka 1979. Zan alikuja kufungua kiwanda kipya cha kuchambua pamba. Jukwaa, bendera, watoto wa shule juani tangu asubuhi. Baba yako akapanda na bakuli lake akiwa na kofia yake ya kazi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, "Mtumwa wangu, naona tumbo limekuwa kubwa na nchi imekonda. Maharage ya nani unakula siku hizi?" Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimepinda kidogo, kwa sababu neno lilikuwa la kweli.

Zan hakuligusa bakuli. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya luteni wetu wa zamani, "Mfungeni mtumwa wangu huyu mpaka nitakaposhiba."

Tukaangua kicheko uwanja mzima. Mimi nilicheka mpaka nikamshika bega mtu wa mbele yangu nisianguke. Askari wawili wakamchukua baba yako na yeye mwenyewe anacheka. Akapanda lori bila kusukumwa. Akageuka akanipigia kelele, "Sériba, waambie nyumbani wasinimalizie ugali!" Nikamjibu, "Tunaumaliza!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ndugu yangu.

Jioni hakurudi, na sikushtuka. Mtani akikuteka, ndugu zako wanapeleka kola kumi, zile kokwa chungu za kutafuna, siku ya tatu, mtani anatafuna moja mbele yao kuonyesha amepokea fidia, mateka anarudi na habari za kuchekesha mwaka mzima. Siku ya tatu nikapanda mlimani kwenye nyumba ya serikali, maana Zan alikuwa bado mjini. Nikapeleka kola kumi nyekundu. Tena siku hiyo soko lilikuwa baya, zilikuwa na mashimo ya wadudu. Akazipokea kwa mikono yake miwili. Akatafuna moja. Akaniambia, "Nenda nyumbani, mtani wangu. Utamkuta."

Nilishuka ule mlima nikiimba. Yule daktari wa wamisionari alikuwa mlangoni kwetu, gari linanguruma, anakwenda mji mkuu kwa watu wake wa ubalozini. Mama yako alikuwa ameshakaa ndani ya gari na kifurushi mapajani. Gari halikuwa limejaa, Sitan. Alikuwa peke yake kiti cha nyuma. Mimi ndiye niliyemshusha. Nilimwambia, "Shemeji, usituaibishe. Utani haupelekwi kwa wageni. Nimeshamkomboa, kesho yupo hapa." Akanitazama, akashuka. Mwezi ule wafungwa waliokuwa na mtu wa kuwasemea huko mji mkuu waliachiwa. Wengine wakapelekwa kwenye migodi ya chumvi kaskazini, na baba yako pamoja nao.

Sasa unajua goti langu linaumwa nini. Kusimama mahakamani sikuogopa Zan. Niliogopa wewe kuwa umekaa pale unasikiliza.

Kucheka kwako kusikuumize. Tulilelewa tucheke maharage yakitajwa, na yeye alijua, ndiyo maana aliyataja. La kwangu ni jingine na ni zito zaidi.

Nitakuja ukitaka nije. Usipotaka kuniona nitaelewa, ila nitaumia.

Sériba

*

Hamdallaye, 12 Machi 1997

Baba mdogo,

Wakili amekupangia tarehe 25 Machi, saa tatu asubuhi. Chumba cha kulala amekitafuta yeye.

Barua yako sitamsimulia Mama. Msomaji wa nyumba ni wewe. Msomee, na safari hii usije ukapata mstari usiouelewa mwandiko.

Sitan

*

Ngolobala, 20 Machi 1997

Sitan,

Nimemsomea yote. Alikuwa anachambua uwele, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Na mimi nilicheka. Sikuwa jikoni. Nilikuwa nyuma ya jukwaa na mwiko mkononi, nilicheka mpaka mwiko ukaanguka."

Nikamwambia, basi shemeji, tuko sawa. Akasema, "Hatuko sawa. Kucheka tulicheka wote. Kunishusha kwenye gari ni kwako peke yako. Miaka kumi na minane nangoja uliseme, na mwanangu nimemdanganya ili aendelee kukuita baba."

Kisha akaniuliza kama nitayasema hivyo hivyo mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akaniletea kanzu ya bluu ya baba yako. Inanibana kwapani, lakini ndiyo nitakayovaa.

Napanda basi kesho.

Sériba

*

Hamdallaye, 4 Mei 1997

Baba mdogo,

Sisi wazima. Mtoto sasa ana meno manne na maadui wengi zaidi.

Hukumu imetoka jana. Kifungo cha maisha. Bendi za mtaani zilicheza mpaka asubuhi, muuza karanga wa mahakamani alilia kwa sababu biashara imekwisha. Jaji alisoma majina mia mbili na kumi, moja moja. Jina la Baba lilikuwa la themanini na saba. Karatasi ya kifo ninayo, nimeifunika kwa nailoni.

Jaji alieleza kwa nini hakuukubali ule utetezi wa utani, na alieleza kwa maneno marefu. Mimi kila nikifumba macho naona ilivyokuwa siku yako. Nataka nikuandikie, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo na hukuona sura za watu.

Yule wakili mwenye sauti tamu alikuuliza, "Mzee, wewe siku ile ulicheka?" Ukasema, "Nilicheka." "Kwa hiyo ulijua ni utani?" "Nilijua. Ndiyo maana nilipeleka kola." Akasema mteja wake hajawahi kukuona, hakupokea kola yoyote, hakujua kuna mateka, na kwamba huna shahidi hata mmoja. Nikaona Tembely anainamisha kichwa. Nikajua tumekwisha.

Ndipo ulipomwacha wakili ukamgeukia Zan. Sijawahi kusikia unamtania mtu, nyumbani ulimtania jogoo tu. Ukamwambia, "Wee Zan, mla maharage, umezeeka lakini uroho uko pale pale. Nilikuletea kola kumi, nyeupe, safi, za bei, na kwa njaa yako ukazibugia zote hata kunikaribisha moja hukunikaribisha!"

Naye akaruka kwenye mto wake. "Nyeupe zipi, mtumwa mwongo wewe? Zilikuwa nyekundu! Tena zimetobolewa na wadudu! Nilitafuna moja nikaitema!"

Watu walianza kucheka. Kisha kicheko kikakatika, kuanzia viti vya mbele kurudi nyuma, kadiri kila mtu alivyoelewa. Yule wakili alikaa chini taratibu. Zan akabaki amesimama na kidole juu. Nadhani alikuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alikitazama kile kidole kama cha mtu mwingine.

Jaji akauliza, "Kumbe ulipokea kola za kumkomboa?"

Nilikuona unatafuta uso wangu ukumbini, na niligeuka. Hukukosea, niligeuka kwa makusudi. Jioni sikuja kituo cha basi. Nilikuwa dukani ng'ambo ya barabara, nilikuona umeshika kanzu ya Baba imekunjwa kwenye mfuko. Nimekukasirikia, baba mdogo. Nikilala nakukasirikia, nikiamka nakuta bado. Nikifikiria kiti kile cha nyuma na Mama anashuka na kifurushi chake, natamani nikupige. Halafu nakumbuka nani alinifundisha kusoma.

Mama anataka matanga yafanyike Juni kabla ya mvua kushika. Tutakuja wote.

Sitan

*

Hamdallaye, 30 Juni 1997

Baba mdogo,

Tumefika salama. Mtoto ametapika kwenye basi mara moja tu, juu ya fundi cherehani mmoja mpole sana. Mwambie Mama kwamba uwele aliotufungia umewahi kufika kabla haujaliwa na mwenye basi.

Najua pale nyumbani hatukuzungumza sana. Ulinipa maji, nikasema asante. Ulishika mtoto, nikakuachia. Kwa sasa ndivyo ninavyoweza.

Lakini kuna swali, na nimeliacha mpaka nipate karatasi kwa sababu mdomoni lingenikwama.

Siku ya matanga, sote tuliwaona akina Coulibaly wa Ngolobala wamesimama nje ya ua, hawaingii. Mama akaniambia tangu 1979 hawajamtania Keita hata mmoja, kwa aibu ya mtu wao. Akawatumia ujumbe, nini kinawaweka nje, wanataka mwanaume azikwe bila watani? Ndipo yule mzee mchinja nyama, Ntio, alipoingia. Unajua watani huja wakaiga marehemu. Mimi nilikuwa nimeona wengine wakiigwa, sikuwahi kufikiri kwamba na Baba ataigwa.

Ntio alikuwa amechomeka penseli sikioni. Akatembea kutoka lango mpaka kwenye mkeka wetu. Mkono wa kushoto mgongoni, kichwa kimelala upande kama anasikiliza mizani, vidole vya miguu vimeelekea nje, hana haraka, na kila baada ya hatua chache anavuta suruali. Akafika kwa Mama, akampima kwa macho, akasema kama mpima pamba anayeshuku gunia, "Huyu mwanamke ana kilo mbili za mawe ndani, mpunguzieni."

Mama alicheka. Akasema, "Nouhoum!" kama mtu anayemwita mumewe aingie ndani kula. Kisha akalia, baba mdogo, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, na wanawake wote wakamzunguka. Mimi sikulia wakati ule. Nilikuwa namtazama Ntio anavyorudi langoni, kwa sababu ya Baba nilikuwa na viatu na vumbi tu, na sasa kulikuwa na mtu mzima juu ya vile viatu.

Swali langu ni hili. Mama siwezi kumuuliza, ataona huruma anipe jibu la kunifurahisha. Watani wanatia chumvi, ndiyo kazi yao. Wewe umekwisha niambia lililo baya kuliko yote, huna tena sababu ya kunidanganya. Je, Baba alikuwa anatembea vile kweli?

Sitan

*

Ngolobala, 9 Julai 1997

Mwanangu Sitan,

Tu wazima. Mvua imeanza jana, watu wako mashambani. Mama yako amevaa nguo za mjane na anaonekana amepumzika. Ananipa chakula kwa wakati na haongei na mimi zaidi ya kinachohitajika. Nimekubali.

Ntio alitia chumvi kwenye suruali. Baba yako aliivuta, lakini si mara nyingi vile, na mkanda alikuwa nao.

Yaliyobaki ni kweli. Mkono wa kushoto mgongoni, kichwa upande, miguu imeelekea nje, hana haraka. Ndivyo alivyokuwa akitoka nyumbani kila asubuhi. Ndivyo alivyotembea siku ile kutoka jukwaani mpaka kwenye lori, katikati ya wale askari wawili, nao walilazimika kupunguza mwendo ili waende naye.

Baba yako mdogo,
Sériba